Kioo Nilichokikana

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa mwaka 2013, msimu wa kuvuna maharage, nami nilikuwa dereva wa ofisi moja pale Kasulu, nimehamishwa kutoka Morogoro. Usidhani nilikuwa kijana mbichi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na watoto wawili, ila nikishika usukani nilikuwa mdogo kuliko wewe.

Barabara ya Kibondo wakati huo ilikuwa ya vumbi jekundu. Inazunguka vilima, inashuka kwenye migomba, na nyumba zimeisogelea kabisa. Watu wanaanika maharage na muhogo ukingoni kwa sababu ndiyo uwanja wao. Njia nzuri mno, na uzuri wake ndio ulionilewesha. Nilikuwa nikiteremka kwa kasi, mkono kwenye honi, mbuzi wanatawanyika, akina mama wanaruka na ndoo zao, nami nacheka. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi nilidhani waliwaambia waendao kwa miguu.

Asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu, narudi Kasulu. Nikakata kona ya mteremko, na mbele yangu wanaume wanne wamebeba mgonjwa kwenye machela ya miti, ile ambayo wenyeji wanaiita ingobyi. Sikupunguza mwendo. Nilipiga honi. Wakakimbilia mtaroni, lakini mti wa machela ulikuwa mrefu. Nikasikia kishindo kushoto, kioo cha pembeni kikang'oka. Kwenye kioo cha katikati nikaona machela iko chini, kisha vumbi likafunika kila kitu.

Sikusimama. Walikuwa wanaelekea nilikokuwa naelekea, mwanangu, na gari langu lilikuwa tupu.

Ofisini nikamwambia mkuu wangu kwamba basi limenikwangua. Akaamini. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tatu.

Siku ya tatu tulikuwa uani tunakunywa chai, nawatambia wenzangu jinsi ninavyotoka Kibondo kwa muda ambao hakuna dereva mwingine anauweza. Akaingia mzee mwembamba, suruali imejaa vumbi hadi magotini, kashika kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Akatusalimia, akafungua. Lilikuwa ganda la kioo cha gari.

"Wanangu, mimi naitwa Ntibashigwa. Natafuta gari lililodondosha hiki. Kioo chenyewe kilivunjika. Vipande tumeviokota vyote, watoto wasijikate."

Akanigeukia mimi, maana funguo zilikuwa mkononi mwangu.

"Ni cha gari lako, mwanangu?"

Gari lilikuwa nyuma yangu, limekatika sikio moja, kila mtu analiona. Nikasema, "Hapana, mzee. Si chetu."

Akalitazama gari. Akanitazama. Hakupandisha sauti. Akakiweka juu ya boneti taratibu.

"Basi, mwenyewe akija mtampa. Mwambieni mke wangu yuko hospitali. Alikuwa anaumwa malaria tu. Sasa na nyonga imevunjika."

Akakunja kitenge chake, akaaga, akaondoka. Mama aliyetuuzia chai akaja akachukua kikombe changu, hakijaisha, bila kuniangalia.

Angenitukana, ningejitetea. Ule upole ndio ulionivua nguo mbele za watu. Nikatoka mbio, nikamkuta njiani.

"Mzee, ni mimi."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya machela. Honi ilipolia niligeuka, nikakuona uso."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka useme wewe."

Nilirudi kwa mkuu wangu nikamwambia kweli, kisha nikaenda polisi. Leseni ilichukuliwa, kazi nikaipoteza, na nilistahili. Lakini hayo si mazito. Mazito ni siku nilipoingia wodini kumwomba radhi yule mama, Bibi Anastazia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja tu: "Ulikuwa unawahi nini?"

Sikuwa nawahi chochote. Alikuja kutembea tena, kwa gongo, ila jembe hakulishika tena maishani. Na mimi mpaka leo swali lake sina pa kuliweka.

Leo umepata leseni, mwanangu, na nimekuona unavyoikata hii njia yetu. Mbele ya nyumba ya watu, barabara ni uwanja wao. Pita kama mgeni, taratibu, ukisalimia. Honi si ruhusa. Na ukikosea, maana binadamu hukosea, simama. Simama hata miguu ikitetemeka. Ukiulizwa, sema ni mimi, kabla mzee wa watu hajatembea kutwa nzima kuja kukuuliza.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu kwanza, njia baadaye. Uendako ufike salama, na kila utakayempita njiani naye afike kwao mzima. Amina.