Siku Niliyofyeka Majani Badala ya Kumsemea Zainabu

Mnisamehe kwa mwandiko unaopanda na kushuka na kwa herufi nitakazokosea, niliishia darasa la saba na naandika polepole, ila aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Kijijini kwetu, karibu na Mto Ruvuma, kamati ilinichagua niwe msemaji wa masomo wa watoto wanaolelewa na wasio ndugu zao (mimi, ambaye hata dukani naomba chumvi kwa kunyoosha kidole). Wa kwanza alikuwa Zainabu, miaka kumi, analelewa na Bi Somoe. Mwalimu mkuu alisema asipokuja mtu kumsemea kabla ya saa nne, jina lake linafutwa kwa utoro, na Bi Somoe miguu imevimba, hatembei.

Kosa langu ni shati. Safi lilikuwa moja tu, lile jeupe la shule (mwili wangu mdogo, bado linanienea), nikaona kaptula ndiyo inakwenda nalo. Nikampitia Zainabu, tukachota kwanza maji ya Bi Somoe, tukafika shuleni kengele imeshalia. Mwalimu wa zamu alikuwa mgeni, hanijui.

"Wachelewaji, huku! Na wewe mkubwa mzima, huoni haya?"

Nilitaka kujieleza, kikatoka "Shikamoo mwalimu" tu, nikapewa fyekeo.

Nikafyeka. Zainabu akanong'ona, "Kaka, si umekuja kunisemea?"

"Natafuta nafasi."

"Basi fyeka vizuri, la sivyo atakuongezea."

Mara mwalimu mkuu akatoka na daftari la mahudhurio. "Msemaji wa Zainabu yuko wapi? Saa nne hii!" Akachomoa kalamu. Ndipo mkono wangu ukapanda wenyewe, kidole juu, "Mimi, mwalimu!"

Shule nzima ilicheka hadi madirishani. Nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba Zainabu si mtoro, kila asubuhi anamchotea maji mlezi wake mgonjwa, leo nimechota naye na ndiyo maana hata mimi nimechelewa. Akalitazama fyekeo langu, akarudisha kalamu mfukoni.

"Jina linabaki. Mtafutieni wa kuchota hayo maji."

Nikashukuru, nikageuka niondoke.

"Wapi? Malizia sehemu yako."

Nikamalizia. Sasa maji ya Bi Somoe nachota mimi, na lile shati nimempa achujie tui. Ukienda kumsemea mtu, sema kabla hujapewa fyekeo. Niandikieni nanyi aibu zenu, nitajibu zote, polepole. Ila mkija kwa miguu msiniulize kitu mbele za watu, nitawaamkia tu.