Mgeni wa Kulala Shasha

Siku nilipotetea memwari yangu, tasnifu ya kumalizia lisansi ya chuo kikuu, mwalimu mmoja wa jopo aliifunga kabla ya kufika sura ya pili, akaniuliza, "Historia ya utalii kwenye ziwa letu, sawa. Lakini dada, mtalii gani atavuka Sake leo?"

Ukumbi ulicheka, maana kila mtu alijua kwamba ng'ambo ya mji wa Sake ndiko kwenye vita. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hata yale ya koma na nukta, lakini hilo kila liliponijia nililiruka. Nilijibu kwamba vita havidumu. Akasema niandike hivyo kwenye hitimisho. Wakanipa alama nzuri, nami nikarudi kwetu Shasha na diplome, cheti changu cha utalii, barabara ikiwa imejaa watu wanaoshuka kutoka milima ya Masisi na magodoro kichwani.

Sura ile ya pili ndiyo niliyoipenda. Ilihusu Goma, mji nilikozaliwa, jinsi wenye mashamba ya kahawa walivyojenga nyumba za mapumziko kando ya maji, jinsi meli ilivyoleta familia kutoka Bukavu kuja kustarehe, na jinsi hoteli zilivyoota moja baada ya nyingine, zenye bustani zinazoshuka hadi ziwani. Hayo niliyapata vitabuni. Mengine nilikuwa nayo mwenyewe. Papa, baba yangu, alikuwa garson, mhudumu wa mezani, katika hoteli mojawapo, na Jumapili aliniruhusu kukaa kwenye ngazi za nyuma ya jikoni. Nilikula vipande vya mkate vilivyorudi kutoka mezani, huku nikiwatazama wazungu wakijipaka mafuta na kulala juani kama mihogo iliyoanikwa. Nilidhani ni wagonjwa. Papa aliniambia, "Hapana, wamelipa." Sentensi hiyo niliiweka kwenye memwari. Profesa aliyeniongoza aliikata kwa kalamu nyekundu akasema si ya kisayansi, na mpaka leo najiuliza kama nilipaswa kubishana naye.

Vita vilipoingia, askari walilala katika vile vyumba vinavyotazama ziwa, bila kulipa. Jikoni kukafungwa. Papa alikufa kwa ugonjwa miaka michache baadaye. Mama akachukua kile alichoachiwa, akarudi kijijini kwao Shasha, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, akajenga nyumba ya wageni.

Vilikuwa vyumba vitatu tu na veranda. Vitanda vya mbao ngumu, vyandarua, na juu ya kila kitanda taulo iliyokunjwa namna Papa alivyokuwa akikunja vitambaa vya mezani. Na wageni walikuja, katika ile miaka ambayo bunduki zilipumzika: maarusi, wafanyakazi wa mjini waliotaka kula sambaza, vidagaa vya ziwa letu, wakiwa wamevua viatu, hata padri mmoja aliyekuja kuogelea asiogope macho ya waumini wake. Kisha vita vikarudi, na wageni wakaisha. Mama aliendelea kufua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia. Nikimwuliza kwa nini, alisema, "Shuka nayo inachoka kulala peke yake."

Hapo ndipo alipotokea mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, Mkatoliki ambaye hata akiwa safarini hakosi misa. Alikuwa na duka Sake, hoteli ndogo Goma, na malori yaliyokwenda mpaka Mpofi, kule Walikale, kuchukua mawese. Barabara ilipofungwa, mizigo yake ilipita kwa mashua, kwa hiyo alitafuta mahali pa kuiweka karibu na maji. Aliketi kwenye veranda yetu, akala sambaza sahani nzima, akafuta vidole.

"Mama, hii nyumba iko inalala bure. Nipatie niweke maharagi. Nitabomoa tu ukuta ya katikati."

"Nyumba iko ya wageni, Papa."

"Wageni gani? Kila nikipita naonaka tu kuku kwenye veranda."

"Kuku nayo njo inawangojea."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanigeukia, akinitania kwa Kifaransa kwa ajili ya diplome yangu ya utalii. "Na wewe, Mademuazele Turisme, si njo kitu ulisoma? Niletee muntu mumoja tu wa kulala hapa kwa mapenzi yake. Si askari, si mukimbizi, si muntu gari yake imeharibika. Muntu amekuya kufurahi. Nikimuona, maneno ya depo imeisha, na wateja ya hoteli yangu nitawatuma hapa kila Jumamosi."

Mama alikubali: mgeni asipolala, nyumba iwe depo, ghala la maharagi. Bati lilikuwa linavuja, na chumba kisicho na mgeni hakijitengenezi. Alimpa mkono, halafu akanitazama, na kuanzia hapo sikulala vizuri.

Kwa msaada wa rafiki niliyesoma naye nilipata wageni wanne: mzungu na mke wake waliokuwa wakifundisha shuleni Goma, na marafiki zao, mume na mke kutoka Bukavu. Wiki zile mapigano yalikuwa mbali, na magari yalipita. Nilipanga waje Jumamosi, wazungushwe kwa mtumbwi, wale, wachezewe ngoma ya Kihunde na akina mama wa parokia, walale, na asubuhi waende misa. Nilifikiria mvua. Nilifikiria vizuizi vya barabarani. Nilifikiria kama mzungu atakula sambaza pamoja na kichwa, na kama nitundike kitambaa juu ya tundu la risasi kwenye mlango wa chumba cha pili au kama kitambaa chenyewe kitawafanya waulize. Nilikitundika, nikakiondoa, nikakitundika tena.

Kisha nikaenda kwa shefu, mkuu wa kijiji, mtu mwema aliyempenda sana Mama. Nilimweleza kwamba wageni wanne watakuja na gari kuangalia ziwa na kijiji, wala hawaleti kitu.

"Watu wakae tu kama kawaida, Papa shefu."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Tunajua namna ya kupokea."

Jumamosi nilikwenda kuwapokea Sake na kupanda nao. Gari lilikuwa la yule mfanyabiashara, jeupe, lenye antena ndefu ya redio ambayo haikufanya kazi. Yeye mwenyewe alitufuata na gari lingine, maana alisema anataka kuona kwa macho yake. Tulipokata kona ya kanisa la Shasha, dereva alipunguza mwendo. Watu walikuwa wamejipanga mstari kutoka barabarani hadi langoni kwetu, na bidoni za maji, na sufuria. Wazee wagonjwa walikuwa wamebebwa na kulazwa mbele, kwenye mikeka. Watoto, ambao siku nyingine ungewakuta ndani ya maji, walikuwa wamevaa mashati yaliyochanika na kuambiwa wanyamaze. Sikuona mbuzi hata mmoja. Akina mama wa ngoma niliwatambua mmoja mmoja chini ya vitenge vichakavu. Ngoma zilikuwa zimefungiwa pamoja na mbuzi.

Mbele kabisa alisimama mama mmoja kutoka Kirolirwe, aliyekimbia mapigano na kupata hifadhi nyuma ya jikoni yetu. Jana yake alisukwa nywele, akacheka kutwa nzima. Sasa alikuwa miguu mitupu, amejifunga blanketi.

"Mama, viatu iko wapi?" nilimnong'oneza.

"Nimeficha. Muntu wa viatu hawamuandikake kwa musaada."

"Hawa hawaandiki mtu! Wamekuja kutembea."

"Kutembea?" Alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa. "Mutoto yangu, nani anatokaka Goma anakuya kutembea kwenye vita? Nyamaza, usituharibie."

Shefu alikuja mbele akiwa na shati safi, peke yake kijiji kizima, akaanza hotuba. Alisema tunateseka, hatuna maji, hatuna dawa, watoto wanakufa. Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu sikuweza kumkatiza. Alipomaliza, nilimvuta pembeni.

"Papa shefu, nilikuomba kama kawaida!"

"Dada, nimekupangia muzuri," alisema, na kweli uso wake uling'aa. "Wakiona tuko muzuri, watarudia kufanya nini?"

Mke wa mzungu alikuwa analia. Mume wake alifungua biskuti tulizonunua za kula kwenye mtumbwi, akazigawa, zikaisha kabla hajafika katikati ya mstari, na waliokosa wakaanza kusukumana. Hakuna aliyepanda mtumbwi. Mama alikuwa ameandaa meza kwenye veranda: sambaza, bugali, mchicha wa lengalenga, na jagi la kasiksi, pombe ya ndizi, ili wageni waonje. Wakaketi. Watu wakahamia kwenye ua, wakasimama kimya, wakiangalia kila tonge.

Yule dada wa Bukavu aliweka chini mkono wake. "Dada, naona haya kula. Ungetuambia kwamba ni kambi."

"Si kambi, ni kijiji. Jana walikuwa wanaanika samaki na kutaniana."

Alinitazama kwa huruma ambayo nilijua maana yake: alidhani naficha. Niliposikia nafsi yangu ikisisitiza kwamba watu hawa wana mbuzi, tena wengi, na viatu, nilichukua jagi nikaanza kuwamiminia. Nani anasimama mbele ya wagonjwa kwenye mikeka na kuhesabu mbuzi wa wenzake?

Hawakulala. Walilipa vyumba, wakamkumbatia Mama, wakapanda gari mapema mchana. Mama aliwafuata hadi langoni akirudia, "Lakini vitanda iko tayari," na mzungu alidhani anashukuru, akamshukuru naye.

Mfanyabiashara alikuwa ameegemea gari lake. Nilitarajia acheke.

"Hawakulala, dada."

"Hawakulala."

"Pole. Hata mimi kidogo nilie."

Jioni ile, jua likiwa halijazama, nilisikia ngoma. Walizitoa. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge vyao vizuri, wakicheza uwanjani pa kanisa, vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona, na waliponiona nimekuja na hasira yangu, mmoja akaniita bila kuacha kucheza, "Dada, ba jetoni italetwa lini?" Jetoni ni zile kadi ndogo unazoonyesha upate sabuni au unga. Nilisema haitaletwa. Wakacheka, wakidhani nawatunzia siri.

Mama wa Kirolirwe peke yake ndiye aliyeacha mstari wa wachezaji akanifuata. Aliniambia kwamba alipokimbia mara ya kwanza, aliondoka na kitenge chake bora mwilini, kwa sababu ndicho ambacho hakutaka kiibwe. Waliokuja kuandika watu kambini walimtazama, wakampita. Alinyeshewa msimu mzima bila hema, na ng'ombe wake walikuwa wameshachukuliwa. "Tangu ile siku, gari nyeupe ikikuya, natoa viatu. Ungesema utakodi gari ya rangi ingine." Hilo la rangi ya gari sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria kichwa cha sambaza.

Nilikasirika naye na nikashindwa kukasirika naye, na sijui mpaka sasa ni kipi kilichonichosha zaidi.

Wageni wale walisimulia mjini walichokiona. Kabla mwezi haujaisha, shirika moja lilituma watu wake Shasha, wakazunguka, wakauliza nyumba ipi iko karibu na barabara na ziwa. Wakaipenda ya Mama. Alipouliza kama ni ya kulala, walimwambia ndiyo, wafanyakazi watakuwepo. Mfanyabiashara, aliyekuwa bado hajaleta maharagi yake, alimkatalia kwa furaha, akafua mashuka yote. Ndipo tukaambiwa kanuni yao ya usalama: hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kulala Shasha, na saa tisa kila gari liwe limeanza kurudi Goma. Vyumba vilikuwa vya sabuni na mahema. Walibomoa ukuta wa katikati.

Mfanyabiashara alipita akachungulia. "Mimi ningeubomoa na adabu kidogo," alisema. Mama aliendelea kufagia vumbi. Alikuwa na bati jipya, na hakuna mtu kijijini aliyeelewa kwa nini hakulifurahia.

Shirika lilinipa kazi. Waliposoma diplome yangu walisema inafaa kabisa: wafadhili wanakuja kutazama mgawo, na wanahitaji mtu wa kuwaongoza. Nikakubali, maana sikuona nyingine. Nawapokea langoni, nawapitisha kwenye mstari, nawaonyesha tangi la maji, nawaeleza historia ya mahali. Wana kofia na kamera, wanauliza maswali, wanapiga picha pamoja na watoto, wanaondoka. Nikiwatazama nafikiria sura ya pili. Ningemwandikia yule mwalimu wa jopo kwamba nimempata mtalii anayevuka Sake, lakini nadhani angecheka tena, na safari hii ningecheka naye.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ujumbe aliwaacha wenzake kwenye tangi, akashuka hadi ukingoni. Aliinama, akaingiza mkono majini.

"Mtu anaweza kuogelea hapa?" aliniuliza, kama anaulizia kitu cha aibu.

Jibu ninalo, ni sura ya tatu nzima. Hakuna mamba, hakuna kiboko, ukingo ni mchanga na kina kinashuka polepole. Nilifungua kinywa. Kisha nikafikiria: nikisema ndiyo, si ataandika kwamba Shasha watu wana nafasi ya kuogelea? Akiandika hivyo, sabuni itaendelea? Na nikisema hapana, si nitakuwa nimeliuza ziwa lenyewe? Nilikuwa bado napima dereva alipopiga honi na kupaza sauti kwamba saa imefika. Kijana alifuta mkono kwenye suruali, akanitabasamia, akapanda.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa depo, ameona yote.

"Alikuwa anaomba chumba?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, alikuwa anaulizia maji tu.