Mwaka Mama Alipofukuza Sukari

Siku baba alipoambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa sukari, mama hakuvua hata viatu. Alipita sebuleni moja kwa moja mpaka jikoni, akalichukua kopo la sukari, akatoka nalo mlango wa nyuma, akampa jirani. Nilimfuata nikilalamika, maana uji wangu ulikuwa mezani na haujatiwa kitu. Akanijibu bila kugeuka kwamba kuanzia leo sukari haiingii nyumbani kwake, na anayeitaka ahamie dukani.

Tulikuwa tunakaa Ufukoni, hapo Mtwara mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa karani bandarini na mama mwalimu wa shule ya msingi, wote wenyeji wa Tabora walioletwa kusini na uhamisho. Baba alikuwa amekanyaga msumari, na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu kilikuwa kimekataa kufunga miezi na miezi. Daktari alimpa vidonge, akamwambia aache sukari, akasema waziwazi kwamba kidonda kikiendelea hivyo mguu utakatwa. Neno hilo ndilo lililomtia mama kiwewe. Hakukaa kitako tena. Madaftari ya wanafunzi aliyasahihisha amesimama, na chakula alikila huku anachungulia sufuria.

Shida ilikuwa chai. Baba alionja kikombe kimoja kisicho na utamu, akakirudisha mezani taratibu. "Mama watoto," akasema, "haya ni maji ya kuoshea vyombo." Akawa anakwenda kazini bila kunywa kitu, akirudi macho yameingia ndani. Mama akawaza, akaja na jibu ambalo mtu wa kwetu Tabora tu ndiye angekuwa na uhakika nalo kiasi kile. Kwetu asali ni dawa. Mwenye kikohozi anapewa asali, aliyeungua anapakwa asali, na mgeni anayeheshimiwa hakosi kuonjeshwa asali.

"Daktari amekataza sukari," alisema. "Asali hakuitaja. Sukari imepita kiwandani ikatiwa madawa mpaka ikawa nyeupe. Asali imetoka kwa Mungu na nyuki wake."

Hakuna aliyembishia. Mimi nilikuwa katika umri wa kubishia kila kitu, hata jua likichomoza, lakini hilo niliona lina akili.

Basi ikaanza kazi ya kusaka utamu. Asali aliinunua kwa watu walioitoa porini na kuitembeza kwenye chupa, na kila mara aliwakemea kwamba wameichanganya na maji. Ilipoadimika, Jumamosi moja alinikokota mpaka Kitaya, kando ya Ruvuma, kutafuta miwa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita vya Mreno, na watu wa huko walikuwa wanalima huku wametega masikio. Baba alikuwa amemkataza. Alisema hajaona muwa unaostahili bomu. Mama alimwitikia vizuri, na alfajiri tukaondoka.

Tulirudi na mizigo kichwani, shingo zinauma. Miwa tuliimenya, tukaitwanga kwenye kinu, tukaikamua, na maji yake mama akayachemsha mpaka yakawa mazito, meusi, yanavutika kwenye mwiko. Hayo ndiyo yaliyotiwa kwenye maandazi, yakatoka na rangi ya udongo. Tende zilipondwa kwenye uji. Ndizi zilizoiva kupita kiasi zilikandwa na unga. Wadogo zangu walifurahia, mimi nilichukia. Nilichukia moshi, nilichukia vidole vinavyonata, na zaidi nilichukia kwamba hatukuwahi kukaa mahali pamoja tukazungumza kama watu wengine. Kila aliyekaa alipewa kitu cha kukamua.

Ulipofika msimu wa korosho, jirani yetu Mmakonde, aliyekuwa na shamba upande wa Mtawanya, alileta ndoo ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Huyo ndiye aliyepewa lile kopo la sukari, na nadhani alikuwa bado anatafuta namna ya kushukuru. Alimfundisha mama kuyakamua na kuichuja juisi kwa kitambaa.

"Bandika sasa hivi, mwalimu," alimwambia. "Hii ukiilaza inakuwa pombe. Ntoto akinywa analewa."

Mama hakuilaza. Alisimama motoni mchana kutwa, akikoroga, jasho linamtiririka, mpaka ndoo nzima ikawa chupa moja ya rojorojo ya rangi ya kahawia. Baba alipoonja alifumba macho. Akatutania kwamba wahenga walisema fuata nyuki ule asali, lakini yeye ameoa nyuki mwenyewe. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya daktari.

Lakini baba hakuwa anapona, na kila mtu aliyekuwa na macho aliona. Shati lilimpwaya. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka kuchimba kisima, akamaliza mtungi, akaomba mwingine, na kila baada ya muda mfupi alinyanyuka kwenda chooni. Mama alisema ni udhaifu. Na dawa ya udhaifu ilikuwa jikoni, kwa hiyo baba alivyozidi kukonda ndivyo mama alivyozidi kumwongezea asali, kijiko juu ya kijiko. Kidonda nacho alikipaka. Kikanuka.

Siku moja nilimkuta baba nyuma ya nyumba, ameshika mkebe wa majivu, anamwaga majivu mlangoni mwa choo na kuyatandaza kwa mguu wake mzima. Nikamuuliza anafanya nini. Akashtuka, akasema anafukuza harufu. Nilipoinama niliona sisimizi, mstari mrefu unaoingia chooni, wengine wameshafunikwa na majivu wanajitahidi kutoka.

Nilijua maana yake. Mama mwenyewe alikuwa ametusimulia kwamba swali la kwanza la daktari kwa baba lilikuwa hilo: je, sisimizi wanakuja pale unapokojoa?

"Usimwambie mama yako, mama," baba aliniambia. Aliponibembeleza aliniita hivyo. "Amechoka yule."

Mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikamwambia mama kila kitu, sisimizi, majivu na maneno ya baba. Alikuwa anakoroga mabibo. Aliuweka mwiko chini, akatoka nje, akaenda kuangalia mwenyewe. Akarudi jikoni. Sufuria iliungua mpaka nyumba nzima ikajaa moshi, naye amesimama pembeni yake.

Kesho yake alimpeleka baba hospitalini, nami nilikwenda kwa sababu baba alihitaji bega la pili la kuegemea. Daktari aliuliza mgonjwa anakula nini. Mama alimweleza bila kuficha: asali asubuhi na jioni, maji ya miwa, tende, mabibo. Alieleza kwa sauti ya darasani, kama mtu anayesoma somo analolijua vizuri, na katikati sauti ikaanza kumkauka. Daktari hakumgombeza. Alisema taratibu, "Mwalimu, vyote hivyo mwili unavipokea kama sukari ileile."

Kidole gumba kilikatwa, na kingine cha jirani yake. Mguu wenyewe, daktari alisema, watauangalia.

Tulimkuta baba wodini saa za kutazama wagonjwa, mguu umefungwa bandeji nene. Mama alisimama miguuni mwa kitanda, hakumsogelea.

"Ulijua," alisema.

Baba aliangalia dirishani. "Niliwaona wale wadudu. Nilijua haifai."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Na ulikunywa. Nikipika unakunywa, nikiongeza unakunywa. Hukufungua mdomo."

Baba akasema, "Ulikuwa umeanza kulala, mama watoto. Mwanzoni ulikuwa unakesha umekaa kitandani, umeushika huu mguu. Ulipoanza kuhangaika na asali yako ukawa unachoka, ukilala unalala kweli. Nikasema, acha apumzike."

Mama alimtazama kwa hasira ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote.

"Baba watoto," alisema, "ulikuwa unanizoesha kulala peke yangu?"

Baba aligeuka akamtazama. Kisha akalia, mtu mzima yule, mbele yangu, na mama akamwacha alie.