Safari ya Ruvuma Niliyobakishwa

Muhula mzima tulijiandaa kwenda kufanya utafiti pale mto Ruvuma unapoingia baharini, na asubuhi ya safari nikaambiwa mimi nibaki.

Nilikuwa kidato cha nne, shule moja ya kutwa hapa Mtwara mjini. Jiografia ndilo lilikuwa somo langu. Wenzangu wengi walilidharau. Wavulana waliochukua sayansi walisema ni somo la kukariri majina ya milima. Mimi nililipenda kwa sababu ya mwalimu wetu, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya ziwa. Hakuwa mcheshi, lakini alifundisha kwa bidii hata siku za mvua, ambapo sauti yake ilimezwa na kelele za bati. Tulipofika mada ya utafiti alisema hatatusomesha kitabuni tu. Tutakwenda wenyewe, tutaona mikoko, tutapima ukingo wa mto, tutawauliza watu wanaishije. Akanipa kazi ya kuandaa dodoso, yaani maswali ya kuwauliza wanakijiji, kwa sababu nilikuwa na ndugu huko na Kimakonde cha huko nakijua.

Bibi yangu mzaa baba analima mpunga karibu na mto. Yeye na babu walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, wakiwa vijana, na baba yangu akazaliwa upande huu. Babu alituachia jina lenye mlio wa Kireno. Mtaani kwetu, Ufukoni, jina hilo halikumshtua mtu. Baba alikuwa kuli bandarini, mama akiuza vitumbua na chai kwa wafanyakazi wa huko huko, na wote walimwita baba kwa jina hilo hilo tangu ujana wake.

Basi asubuhi ile Kosta, gari dogo la abiria tulilokodi, ilikuwa imeshawashwa. Nilikuwa nimebeba futikamba ya kupimia ukingo na yale maswali, nakala za darasa zima. Makamu mkuu wa shule alisimama mlangoni akiita majina. Alipolifikia langu akaniita pembeni.

"Wewe utabaki," aliniambia. "Njiani kuna askari, hali ya mpakani tangu mapigano ya upande wa Msumbiji unaijua. Jina lako litatuletea maswali."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwonyesha kitambulisho cha shule, akasema anakiona. Nikamuuliza wenzangu wana nini ambacho mimi sina, maana hakuna hata mmoja kwenye gari lile aliyefikisha umri wa kupata kitambulisho cha taifa. Wote tulikuwa na kile kikaratasi kimoja chenye picha. Akaniambia nisibishane na wakubwa, ni kwa usalama wangu.

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa kiti cha mbele. Alishuka, wakazungumza kwa sauti ya chini, kisha akanijia na kunyoosha mkono kuomba yale maswali. Hakuniangalia usoni. Nilimpa. Nilimpa na futikamba. Gari likaondoka, na wenzangu wengine wakanipungia mkono, wakidhani labda ninaumwa.

Sikulia mpaka nilipofika genge la mama, karibu na geti la bandari. Aliniona akajua kuna jambo. Nilipomweleza, alifunika chombo cha unga, akamwomba jirani amwangalizie jiko, akatoka vile vile na kanga yake ya kazini yenye madoa ya mafuta. Nilimwambia tumsubiri baba amalize zamu. Aliendelea kutembea, nami nikamfuata.

Mkuu wa shule alitukaribisha vizuri, tukaketi. Mama alimwamkia, akauliza habari za kazi, akasubiri majibu yote ya heshima yaishe. Kisha akasema:

"Mwanangu amezaliwa hospitali ya mkoa, hapo juu. Baba yake amezaliwa nchi hii hii. Mlimpokea kidato cha kwanza bila swali, michango mmepokea bila swali. Leo ndiyo mmeliona jina?"

Mkuu alieleza kwa upole mambo ya usalama, akasema shule haina nia mbaya, akasema zitakuwepo safari nyingine. Mama akamuuliza ni zipi, ikiwa mtoto yuko mwaka wa mwisho. Mkuu akasema analichukua, atalifanyia kazi. Mpaka leo sijui alilipeleka wapi. Upole wake uliniudhi kuliko ukali wa makamu, kwa sababu makamu angalau alisema tatizo ni jina. Huyu alilifunika kwa maneno laini, tukatoka pale tukiwa tumeshukuru.

Kesho yake kundi letu lilikuja na ripoti, imeandikwa kwa Kiingereza safi, na jina langu limewekwa katikati ya orodha. Kiongozi wa kundi, msichana niliyekaa naye dawati moja, alinieleza kuwa mwalimu ameagiza niwekwe kwa kuwa maswali ni yangu. Nikaisoma. Iliandikwa kwamba wakazi wa kando ya mto wanakata mikoko kwa sababu ya kukosa elimu, na kwamba wanalima ukingoni kwa sababu ya ujinga na mila zilizopitwa na wakati.

Nilimuuliza mwenzangu huyo wa dawati nani aliwajibu hivyo. Akacheka kidogo kwa aibu. Akasema hawakufika mashambani. Gari lilichelewa kizuizini, askari waliwauliza maswali hata bila mimi kuwemo, na walipofika kijijini walizungumza na ofisa mmoja ofisini kwake, wakala chakula walichobeba, wakapiga picha na mikoko, wakarudi. Maswali yangu hayakutoka kwenye mkoba. Sababu zile walizinakili kutoka kitabuni, kwenye ukurasa unaohusu nchi nyingine kabisa.

Nilipandwa na hasira ambayo asubuhi ya safari sikuwa nayo. Siku ile walininyima kiti cha gari. Sasa walikuwa wanamwita bibi yangu mjinga, na jina lake, kwa kuwa jina la babu ni langu na ni lake pia, wameliweka kwenye ripoti kama shahidi. Mwalimu alipoingia nilisimama nikaomba jina langu lifutwe. Aliniambia bila jina sitapata alama za kazi ile. Nikasema sawa. Akaniambia msahihishaji anataka hoja zinazojulikana, na hizo ndizo hoja. Nikasema tena sawa, na jina likafutwa kwa kalamu nyekundu mbele ya darasa.

Baada ya mtihani wa taifa nilikwenda kwa bibi. Hakuna aliyenizuia njiani; askari aliangalia kitambulisho changu cha shule, akaniuliza kama nimefaulu, nikamwambia matokeo bado. Nilizunguka na maswali yangu wiki nzima, nyumba kwa nyumba, na bibi akinisindikiza mara nyingine kwa ajili ya kupiga soga tu. Watu walinijibu kwa furaha na kwa kirefu. Nilipowaeleza ripoti ilivyosema kuhusu mikoko, walikasirika kama nilivyokasirika mimi. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinishangaa.

"Nguzo za mikoko zinapakiwa kwenye malori yanayokwenda mjini kwenu," alisema. "Sisi lori tutanunua kwa pesa gani?"

Niliyaandika yote kwa Kiswahili, kwa sababu wengi ndiyo lugha waliyonijibu, na Januari nikaipeleka kazi ile kwa mwalimu nyumbani kwake. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kurasa zote, bila kunikaribisha ndani, nadhani alisahau. Alipomaliza uso wake ulikuwa umechoka.

"Kwenye mtihani ungepata sifuri," alisema. Halafu akaongeza, "Niachie. Nitawasomea wa mwaka huu."

Nilimuuliza kama atawasomea na makamu akiwepo. Alizipanga vizuri karatasi zangu mkononi, akaanza kuusoma upya ukurasa wa kwanza.

Nikazichukua mkononi mwake, kwa adabu. Nilimwambia wa mwaka huu wakaulize wenyewe, na waende wote.