Mamba Nisiyemwona

Siku yangu ya kwanza kazini, nilipewa buti za mpira na daftari, nikaonyeshwa geji, yaani nguzo yenye alama iliyosimikwa majini kuonyesha kina. Ziwa letu lilikuwa ng'ambo ya mji wa Zombe, maji yaliyokusanyika nyuma ya bwawa. Nilidhani kazi ni kusoma geji asubuhi na jioni, basi.

Mwaka wa pili, Afisa wa Maji wa Wilaya akaja na ubao mweupe wa kusimikwa ufukweni.

"Mutua, andika hapa ziwa lina nini, na mgeni anaweza kujifurahishaje."

Nilichanganyikiwa. Kwetu Ukambani maji yalikuwa ya kunywa na ya ng'ombe. Kujifurahisha nayo vipi? Nikaandika: miamba ya kukalia, korongo na bata maji wa kutazama, kambare wa kuvua kwa ndoano. Mama Ndunge, aliyechota maji hapo kila siku, akanifanya nimsomee, kidole chake kikifuata maneno.

"Na mamba je? Alichukua ndama wangu."

Afisa alikataa. "Ndama alizama kwenye tope." Akanigeukia. "Wewe umemwona huyo mamba?"

"La, bwana."

"Basi andika kuogelea."

Nikaandika. Usingizi ukawa haba.

Jumamosi moja vijana wa kanisa wakafika na mchungaji wao, taulo mabegani. Walipoanza kuvua viatu, miguu yangu ilinipeleka mbele yao kabla sijaamua.

"Hakuna kuingia. Kuna mamba."

"Ubao unasema tuogelee," mchungaji akasema. "Nani aliyeuandika?"

"Mimi."

Wakacheka, kisha wakakasirika. Sikusogea. Mwishowe walikaa miambani, wakala, wakaimba, wakaondoka. Barua ya malalamiko ikafika ofisini kabla yangu, nami nikahamishiwa Kalamba kupima mvua, ambako nilikaa hadi kustaafu.

Niliuliza miaka mingi kama kuna aliyemwona mamba yule. Wengine walisema ndiyo, wengine la. Sikujua kama niliokoa watu au niliwanyima raha yao.

Juzi sokoni Matiliku mama mmoja mwenye mvi alinishika mkono.

"Wewe ndiwe mzee wa mamba! Siku ile wenzangu walikutukana hadi nyumbani."

Nikaanza kuomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Sikujua kuogelea, mzee. Niliona haya kuwaambia. Ningeingia tu."

Akachagua nyanya zake, akaenda. Nami nikabaki nimesimama, sijui nilikuja kununua nini.