Mama Dekio na Chumba cha Wifi Yake

Kwa miaka ishirini na mitatu, kila Jumamosi asubuhi, mwanamke waliyemwita Mama Dekio alikuwa kanisani, yeye na Mungu peke yao. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, wala hakuwa akitania. Kazi yake ya usafi aliijua. Madoa ya nta aliyabandua kwa kisu butu, mabenchi aliyapangusa kufuata mistari ya mbao, na sakafu aliideki akirudi kinyumenyume kutoka ngazi za madhabahu hadi mlangoni, ili asikanyage alipokwisha kupita. Kwa alama zilizobaki kwenye mbao alijua nani hukaa wapi, na nani husinzia wakati wa mahubiri.

Lakini alichokipenda hasa kilikuja baada ya kazi. Akishakamua dekio, alikaa benchi la nyuma, mikono ikinukia sabuni, akanyamaza. Kimya cha mle hakikuwa kama cha nyumba isiyo na watu. Kilikuwa na uzito. Mwili ulimsisimka, akahisi anatazamwa na mtu anayempenda, akaogopa hata kukohoa. "Mungu yuko mle," aliwaambia wanawe, "kama nyinyi mlivyo hapa."

Kwa hiyo alililinda jengo lile. Aliwahi kumnyamazisha dereva wa askofu aliyekuwa akipiga mluzi kwenye baraza, na Mchungaji naye alijifuta viatu mara mbili kila alipomwona. "Mimi naongoza ibada tu," alipenda kusema Mchungaji. "Mwenye kanisa ni huyu."

Kisha ukuta ukapasuka. Ufa ulianza nyuma ya madhabahu, mwembamba kama uzi, na baada ya mvua nyingi ukawa unapitisha mkono. Mhandisi akaja, akagonga hapa na pale, akatikisa kichwa. Kanisa likafungwa, waumini wakahamia kwenye ghala la mbao waliloazimwa, na baada ya miezi miwili likaletwa tingatinga.

Mama Dekio alikwenda kutazama. Alisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi. Alijua kwamba yale ni matofali na saruji, lakini moyoni alikuwa akisubiri kitu: sauti, moto, au angalau tingatinga likatae kuwaka. Tingatinga liliwaka vizuri sana. Ukuta wa madhabahu ulilala chini kama mtu aliyechoka, jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kufika, na palipokuwa patakatifu pakawa na vumbi, nondo zilizopinda, na kuku wa jirani aliyekuja kuparua. Basi.

Alirudi nyumbani miguu mizito. Jumapili ile hakwenda ghalani. Iliyofuata, hivyo hivyo. Mchungaji alipokuja kumjulia hali, alimkuta uani akifua.

"Mchungaji, amekwenda wapi?"

"Nani, mama?"

"Yeye aliyekuwa mle ndani."

Mchungaji alikuwa na jibu tayari, la mimbarini. Akalimeza. Alikaa kwenye kigoda karibu na beseni.

"Kesho asubuhi nampelekea wifi yako ushirika," akasema. "Ameuomba mwenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Lakini tangu apooze hajatoka kitandani, na anayemhudumia amesafiri. Chumba kimechafuka. Ungetangulia kunisafishia?"

Mikono ya Mama Dekio ilisimama majini. Wifi yake huyo, dada wa marehemu mumewe, alikaa mitaa miwili tu kutoka pale, na kwa miaka hiyo tisa hawakusemezana. Wifi alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee. Siku ya nne baada ya maziko, siku ya Jumamosi, alikuja kanisani na matope miguuni, akajitupa mbele ya madhabahu, akalia kwa sauti ya kutisha. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Mama Dekio alimshika bega, akamwambia kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi, kwamba hapa ni nyumba ya Mungu, atoke kwanza, arudi pakikauka. Wifi alitoka. Hakukanyaga tena kanisani.

Kesho yake Mama Dekio alikwenda, ndoo na dekio mkononi. Chumba kilinuka jasho na dawa ya kuchua. Wifi alilala ubavu, upande mmoja wa uso umelegea, macho yakiwa makali kama zamani.

"Umekuja na dekio lako," akasema, maneno yakimtoka moja moja.

"Nimekuja nalo, wifi."

"Sakafu ikilowa, usinitoe nje. Siwezi kutembea."

Mama Dekio hakujua kama anataniwa au anachomwa kisu. Alifagia, akadeki, akabadilisha shuka. Mwisho akapasha maji, akachovya kitambaa, akaanza kumwosha wifi yake: uso, shingo, mkono usiosikia, halafu miguu. Alipofika kwenye nyayo, kikaja.

Kimya kile. Hakuweza kukikosea, alikuwa amekaa nacho miaka ishirini na mitatu. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mpira, mtu nje alikuwa akipiga nyundo, na bado kimya kilikijaza chumba kile chenye dari la chini. Hakikutoka dirishani wala juu. Kilikuwa pale kitandani, ndani ya mwanamke aliyepooza, mwenye vidonda mgongoni, anayepumua kwa shida. Mara ngapi alisikia ikihubiriwa kwamba mtu ndiye hekalu, na kwamba Roho wa Mungu hukaa ndani yake? Siku zote alidhani ni maneno ya kuwakataza vijana ulevi.

Akaketi kwenye sakafu yenye maji. Aliogopa kuugusa tena ule mguu.

"Nilimtoa nje," akasema. "Wifi, siku ile nilimtoa Yeye nje."

Mkono mzima wa wifi ulisogea juu ya shuka, polepole, ukafika kwenye kilemba cha Mama Dekio, ukatulia.

"Nami nilidhani Yeye ndiye aliyenifukuza," akasema. "Miaka yote hii. Kumbe ni wewe tu." Akacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yakimtoka macho yote mawili.

Mchungaji alipofika hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani, akaona ibada imeanza bila yeye. Kisha akaingia, wote watatu wakaumega mkate.

Wifi aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, na kila asubuhi Mama Dekio alikuwa kwake. Jumapili alikwenda ghalani, akakaa katikati ya harufu ya mbao. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amebadilika: anamtazama fundi bomba mlevi, anamtazama mama mwenye mtoto anayelia, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, kama mtu anayeogopa kupumua.

"Mama," binti yake akamwambia, "wanasema unawakodolea macho."

"Kweli nawakodolea," akajibu. "Bado sijazoea."