Klachi Mpya ya Mjomba Tluway

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, ukungu wa msitu wa Ngorongoro umeshuka hadi kwenye mashamba yetu ya ngano, nami naizunguka pikapu ya mjomba Tluway kama kijana anayemzunguka mchumba. Ilikuwa pikapu ya dizeli, bodi limegongwagongwa na nyundo kila upande, lakini ndiyo iliyokuwa gari pekee kijijini kwetu. Kwa miezi mingi ilikuwa imelala bandani kwa sababu klachi yake ilikwisha. Miaka ile, mwishoni mwa sabini, vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliisikia kwa jina. Mjomba aliulizia kwa kila dereva aliyekwenda Arusha, hadi ikapatikana klachi mpya, ile nzito ya magari ya kubeba mizigo.

Mjomba ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, akanisomesha hadi kidato cha nne, akanifundisha na kuendesha. Dereva wake nilikuwa mimi. Siku fundi wa Karatu alipomaliza kuifunga ile klachi, mjomba aliniita kando.

"Umewahi kuona maksai mchanga akifungwa plau siku ya kwanza akavunje shamba jipya?"

"Hapana, mjomba."

"Anafungwa pembeni ya mzee, kwenye udongo laini, aizoee nira. Na hii ni hivyo hivyo. Ni ngumu, ndiyo, lakini sahani yake haijakaa sawasawa na chuma inachokishika. Ziache zisuguane polepole mpaka zijuane. Uende mjini na kurudi, gari tupu, njia ya tambarare. Usibebe mzigo. Usivute gari la mtu. Nitakapokwambia tayari, ndipo iwe tayari."

Hakuwa na haraka, lakini sababu alikuwa nayo. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa na dada mkubwa aliyeolewa Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi. Dada huyo alikuwa mgonjwa, na habari zilizotufikia hazikuwa nzuri. Mjomba alitaka klachi iwe imezoea kabla ya Jumapili, maana kushuka Baray ni rahisi, kazi ni kuupanda ule mlima wakati wa kurudi. Bibi alikuwa ameshafunga kibuyu cha maziwa na asali kidogo. Kila niliporudi na gari alitoka nje na fimbo yake.

"Mume wangu," ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani, "huyo mwali wako mpya anaendeleaje?"

"Anazoea, bibi."

"Basi usimchoshe kabla ya harusi yangu."

Jumamosi nikatumwa mjini kuchukua chumvi na sabuni. Nikaenda taratibu, nikarudi taratibu. Nilipokaribia nyumbani nikakuta lori la ngano limezama kwenye tope jekundu la korongo, watu wameshalizunguka. Unajua kwetu, mwanangu, mtu hampiti jirani aliyekwama. Kwa kawaida watu hushusha magunia, hukata matawi, husukuma, kisha hupakia tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini haijapata kumshinda mtu.

Boay, kijana wa rika langu aliyekuwa utingo wa lori lile, aliniona akapiga kelele:

"Huyu hapa! Si mmefunga klachi ya trekta nyie? Hebu tuione!"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "huyo hana ruhusa. Kwa mjomba wake hata kukohoa anaomba."

Wakacheka. Wasichana waliokuwa wametoka kisimani wakacheka pia, na hapo ndipo nilipokwisha. Sikutakiwa kumnyima mtu msaada. Nilitakiwa kusema, "Jamani, hii bado, ngoja nishuke tusukume wote." Hakuna ambaye angenishangaa, kwa maana kila mmoja pale alikuwa amewahi kulea maksai mchanga. Lakini wazee walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

"Leteni mnyororo," nikasema.

Mwanzoni ilishika. Lori likasogea, watu wakashangilia, na zile kelele zikanipanda kichwani kama pombe ya asali. Lori lilipogoma tena nikazidisha mafuta, nikawa naachia klachi nusu, naikanyaga, naiachia tena nusu. Ikaja harufu kama ya kwato zinazochomwa. Ukatoka moshi. Injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, na pikapu imesimama palepale.

Lori lilitoka jioni ile ile. Walishusha magunia, wakakata matawi, wakasukuma. Pikapu yetu ilikokotwa hadi nyumbani na jozi ya maksai wa jirani. Boay alitembea kando yangu njia nzima, kisha akaninong'oneza, "Nisamehe, ndugu yangu." Lakini mguu uliokuwa kwenye pedali haukuwa wake.

Mjomba alisimama uani, akanusa.

"Ulivuta."

"Nilivuta, mjomba."

"Walikulazimisha?"

"Walinicheka."

"Walikucheka." Akalitafakari neno lile kama mtu aliyepewa punje mbovu ya ngano. "Haya. Kamwambie bibi yako mwenyewe."

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema tu, "Punda yupo."

Alfajiri ya Jumapili tukashuka, bibi juu ya punda, mimi nimeshika kamba. Njiani alinitania ili nisilie. "Dereva, huyu naye umemzoeza? Mbona kwenye kona hapigi honi?" Nikacheka, Mungu anisamehe. Tulilala kwa jamaa njiani, tukafika Baray Jumatatu jioni.

Dada yake alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi, pumzi ipo, lakini ulimi ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Binti yake alitwambia, "Jana alikuwa anaongea vizuri. Mchana kutwa alikuwa akikuulizia."

Jana, mwanangu. Jana ndiyo siku ambayo pikapu ingetufikisha.

Bibi alikaa kitandani, akamshika mkono, akaongea peke yake mpaka giza likaingia: habari za ndama waliowachunga pamoja, mto waliokatazwa kuogelea. Dada alimminya vidole. Jibu lake lilikuwa hilo tu. Kabla ya mwisho wa juma tukamzika.

Wakati wa kupanda mlima kurudi nyumbani nilimwomba bibi msamaha. Akasema, "Kuna jambo la utotoni nilitaka kumwuliza. Basi, nitamwuliza hukohuko." Akanipapasa kichwa kutoka juu ya punda. Hakulitaja tena hadi kufa kwake, na mimi sikuthubutu kuuliza lilikuwa jambo gani.

Klachi nyingine ilikuja baadaye sana. Niliizoeza hadi mjomba mwenyewe akachoka kunisubiri nimwulize kama tayari.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, usione haya kusema "bado". Ukiwa na kazi mpya, ndoa mpya, ujuzi mpya au gari jipya, watu watataka kuona nguvu zake siku ile ile. Waambie bado. Wakicheka, cheka nao, kisha shuka uingie topeni usukume pamoja nao, maana ipo njia ya kumsaidia jirani bila kuteketeza ulichoaminiwa. Kicheko cha barabarani huisha kabla hujafika nyumbani. Kitu ulichokiunguza huwa kina mtu anayekingojea, na mara nyingi ni mtu anayekupenda kiasi cha kutokulaumu. Huo ndio mzigo mzito kuliko lori.

Nenda, mwanangu. Mvua ikunyeshee kwa kiasi, shamba lako likujue, wazee wako wafikiwe wangali wanasema, na Mungu akupe moyo wa kuvumilia kuchekwa.